Kuoka Kitunguu Saumu Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kupata Punje Laini na Tamu

Wanaojaribu kuoka kitunguu saumu huniletea malalamiko matatu, na kwa muda mrefu sasa hayabadiliki. Wa kwanza amepata punje nyeusi kwa juu na chungu hadi kooni. Wa pili amepata rangi nzuri nje, lakini ndani punje ni ngumu na bado inawasha kama mbichi. Wa tatu amefungua foili akakuta vipande vikavu vilivyonywea ndani ya maganda, havikamuliki hata kwa nguvu.

Wote watatu wameteleza mahali pamoja: wametafuta rangi kabla ya ulaini. Kitunguu saumu lazima kiive kwanza kwa mvuke wa maji yaliyomo ndani yake, halafu ndipo kipate rangi. Karibu kila hatua hapa chini ipo ili kulinda mpangilio huo, kwa hiyo ukiona maelekezo yanayokwambia ufunge, usubiri au usifungue mapema, usiyaruke.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Vichwa 2 hadi 4 vya kitunguu saumu. Kuwasha oveni kwa ajili ya kichwa kimoja ni kupoteza moto, maana vinne huiva kwa muda karibu ule ule.
- Mafuta ya zeituni, kijiko kimoja cha chai kwa kila kichwa. Mafuta mengine ya kupikia yasiyo na harufu kali yanafaa pia.
- Chumvi kidogo.
- Karatasi ya foili, au bakuli dogo la kuingia ovenini lenye mfuniko unaobana.
- Kisu chenye makali na ubao wa kukatia.
- Trei ya oveni. Trei ya keki ndogo zenye vikombe ni nzuri zaidi, kwa sababu kila kichwa hukaa wima kwenye kikombe chake bila kulala ubavu.
- Kisu chembamba au kijiti cha mishikaki cha kupimia ulaini.
- Kipimajoto cha oveni, ikiwa unacho.

Tenga saa moja na nusu, ingawa mikono yako itafanya kazi kwa dakika kumi tu.

## Hatua ya 1: Chagua kichwa kizito na kigumu

Kibebe mkononi. Kichwa kizuri ni kizito kuliko kinavyoonekana, na punje zake zimebanana. Zibonyeze moja moja kuzunguka kichwa chote. Inayobonyea imeanza kuoza au imekauka ndani ya ganda.

Uzito una maana kubwa hapa. Zaidi ya nusu ya uzito wa kitunguu saumu kibichi ni maji, na maji hayo ndiyo yatakayokipika. Kichwa chepesi kimeshapoteza mtaji wake kabla hujawasha moto, na wengi wanaopata punje kavu walianza na vichwa vya namna hiyo.

Kikiwa na chipukizi la kijani lililotokeza juu, kitumie kwenye mapishi mengine. Chipukizi lina uchungu wake, na kuoka hakuufuti. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi kwenye punje yenyewe, tupa.

Chagua vichwa vya ukubwa unaolingana. Ukichanganya kikubwa na kidogo, kidogo kitaungua ukingojea kikubwa.

## Hatua ya 2: Washa oveni mapema

Weka nyuzi joto 190 za Selsiasi, rafu ikiwa katikati. Oveni yenye feni ipunguzie hadi 170. Iache ipate moto kwa dakika 15 au zaidi.

Namba iliyo kwenye kitasa si lazima iwe joto lililomo ndani. Oveni za nyumbani hupishana na kitasa kwa nyuzi 10 au 20, na nyingine kwa zaidi ya hapo. Kama kila unachooka huwahi kuungua, kitunguu saumu nacho kitawahi. Anza na nyuzi 175.

Watu hupandisha hadi 220 ili kuokoa muda. Kinachotokea ni kwamba punje za pembeni hukauka na kuungua huku moyo wa kichwa ukiwa mgumu. Kinyume chake si hatari: ukiwa na kitu kingine kinachookwa kwa nyuzi 160, ingiza kitunguu saumu humo humo, ila kipe muda wa robo tatu ya saa hadi saa nzima na zaidi kidogo.

## Hatua ya 3: Kata kilele, acha kitako

Bandua maganda ya nje yanayotoka yenyewe ukiyasugua. Acha tabaka la ndani linaloshika punje pamoja. Ukilitoa lote, kichwa kitafunguka na kila punje itakauka kivyake.

Sasa laza kichwa ubavu kwenye ubao, shika upande wa kitako, yaani ule wenye mizizi, na ukate kilele kwa pigo moja, karibu sentimita moja kutoka juu. Kisimamishe ukitazame kwa juu. Unatakiwa kuona macho meupe yenye unyevu, jicho moja kwa kila punje.

Karibu kila mara punje mbili au tatu za pembeni zitakuwa zimekaa chini kidogo na hazijaguswa na kisu. Usikate tena kichwa kizima kwa ajili yake, utapoteza nyama ya zile nyingine. Chukua ncha ya kisu, uikate ncha ya kila moja peke yake. Punje isiyo na jicho huiva, ila haikamuliki kirahisi; ndiyo hiyo hupasuka ubavuni na kubaki nusu ndani ya ganda.

Kitako usikiguse. Ndicho kinachofunga kichwa kizima.

Na usiponde wala kumenya. Ukali wa kitunguu saumu haumo ndani yake kikiwa kizima: huzaliwa pale seli zinapopasuka na kimeng'enya kiitwacho alinezi kikakutana na kiambata kiitwacho aliini. Hapo hutokea alisini, ile inayowasha ulimi na kuuma macho. Punje ikipata joto ikiwa nzima, kimeng'enya huharibika kabla viwili hivyo havijakutana, na ukali haupati nafasi ya kuzaliwa. Ukiponda kwanza halafu ukaoka, umeshauita. Mkato ule mmoja wa juu hauna neno, kwa sababu unagusa uso mdogo tu.

## Hatua ya 4: Mafuta na chumvi

Mimina nusu ya kijiko cha chai cha mafuta juu ya macho yale, subiri kidogo yazame kati ya punje, kisha malizia nusu iliyobaki. Vidole vikiwa bado na mafuta, pakaa ubavuni. Nyunyiza chumvi kidogo.

Mafuta huzuia uso uliokatwa usikauke, na hupeleka joto kwenye nafasi zilizo kati ya punje ambako hewa tupu ingelichelewesha. Lakini yakizidi hukusanyika chini na kukaanga kitako, na uchungu huanzia huko bila wewe kuuona. Kijiko kimoja cha chai ni kipimo, hata kama kinaonekana kidogo.

## Hatua ya 5: Funga kama unafunga maji

Kama nisingeruhusiwa kusisitiza hatua zaidi ya moja, ningesisitiza hii.

Kunja foili iwe tabaka mbili. Weka kichwa katikati, jicho likitazama juu, kisha inua pembe nne zikutane juu yake. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya foili na uso uliokatwa. Foili ikiugusa, pale inapogusa ndipo patakapoganda na kuungua. Bana mikunjo mara mbili, ikielekea juu, ili mafuta na mvuke visipate njia ya kutokea.

Ukiinamisha kifurushi kidogo na hakuna tone linalotoka, umefunga vizuri.

Ukitumia bakuli lenye mfuniko, panga vichwa vigusane na usiache nafasi kubwa tupu. Kama kitunguu saumu kimekaa ndani siku nyingi na una wasiwasi kimeanza kukauka, ongeza kijiko kimoja cha chai cha maji chini kabla ya kufunga. Hayo maji hayataharibu ladha. Yatakuwa yameisha kabla hujafikia hatua ya rangi.

## Hatua ya 6: Oka, na upime kwa ncha ya kisu

Ingiza katikati ya oveni. Usifungue kifurushi kabla ya dakika 40. Kila ukifungua unatoa mvuke, na huo mvuke ndio mpishi.

Ndani ya kifurushi mambo yanakwenda hivi. Maadamu punje ina maji, joto lake la ndani haliwezi kupita sana nyuzi 100, hata kama oveni ni 190. Katika muda huo kuta za seli hulegea na ukali hufa. Wanga wa kitunguu saumu nao, ambao kwa sehemu kubwa ni minyororo ya sukari iitwayo fruktani, huanza kukatika vipande vifupi vyenye utamu. Hayo yote yanataka muda, na moto mkali hauwezi kuyafupisha.

Pua itakuambia ulipo. Mwanzoni harufu ni ile kali ya jikoni inayojulikana. Baada ya nusu saa hivi hupoa na kufanana na kitu kilichochemshwa. Kisha hugeuka: hupata utamu na kitu kinachokaribiana na karanga zikianza kuiva. Harufu hiyo ya tatu ikifika, nenda kapime.

Kupima, fungua juu tu, mwanya mdogo, ukiwa umeweka uso mbali kwa sababu mvuke unaotoka unaunguza. Tafuta punje nene kuliko zote. Ichome kwa ncha ya kisu chembamba kupitia kwenye ganda, ukielekea kitakoni, maana huko ndiko ugumu hukawia kuondoka.

Zingatia mkono unachohisi. Punje isiyoiva ina ukinzani katikati, kama kuchoma kiazi kilichochemshwa nusu. Iliyokaribia huingilika, lakini inakibana kisu wakati wa kukitoa. Iliyoiva humeza kisu na kukiachia bila kukishika, na kisu hutoka na ukungu mwembamba wa mafuta na utelezi mweupe wa rangi ya malai.

Kama bado, funga tena na urudishe kwa dakika 10, upime tena. Kichwa cha wastani huiva kati ya dakika 40 na 50. Kikubwa chenye punje nene kinaweza kufika 60 au 70. Usiogope kuongeza, kikiwa kimefungwa vizuri, dakika 10 za ziada hazikidhuru.

## Hatua ya 7: Sasa ipe rangi

Kisu kikishapita bila ukinzani, ndipo unafungua foili kabisa, unaishusha pembeni kama ukosi, na kurudisha kichwa ovenini kikiwa wazi.

Dakika 8 hadi 15 zinatosha. Maji ya juu yakikauka, joto la uso linaweza kupanda, na sukari na protini huungana kutengeneza rangi na ile ladha nzito ya kitu kilichookwa. Kaa karibu. Rangi hutoka kwenye pembe ya ndovu hadi asali polepole, lakini kutoka asali hadi kahawia iliyokolea ni dakika chache tu.

Toa punje zikiwa rangi ya asali, kingo zake zikiwa zimekolea kidogo na kuna utomvu unaong'aa pembeni. Ukisubiri ziwe kahawia kote, uchungu umeshaingia.

## Hatua ya 8: Pumzisha, kisha kamua

Acha kipoe kwa dakika 15. Kikiwa cha moto sana punje hushikana na ganda, na vidole vyako vitaungua. Kikiwa vuguvugu zinaachia zenyewe.

Shika kitako kwa vidole vya mkono mmoja, elekeza jicho chini juu ya bakuli, na ubane kutoka kitakoni kuelekea kwenye jicho kama unavyobana dawa ya meno. Punje hutoka nzima, zikiwa na umbo lake. Zilizobaki zichokoe kwa ncha ya kisu. Ponda kwa uma: zikisagika mara moja kuwa uji mzito usio na chembe, umefaulu.

## Ikiwa matokeo si hayo

Ngumu katikati: nyunyizia kijiko cha chai cha maji, funga upya, rudisha kwa dakika 15. Hii hutengenezeka karibu kila mara.

Laini lakini nyeupe na yenye majimaji: haijaharibika. Hujaipitisha hatua ya 7 tu.

Nyeusi kwa juu: kata sehemu nyeusi, onja iliyobaki chini yake. Mara nyingi nusu ya chini ni nzuri kabisa. Lakini uchungu ukiwa umefika hadi kitakoni, tupa. Sukari, asali wala limao haviuondoi, na utaharibu chakula kizima kwa kujaribu kuokoa punje kumi.

Imegeuka kijani au bluu: hutokea zaidi kitunguu saumu kinapokutana na asidi kama limao au siki. Inashtua macho, haina madhara.

## Kama huna oveni

Sufuria nzito yenye mfuniko inatosha. Tenganisha punje bila kuzimenya, zipange tabaka moja, weka vijiko viwili vya maji, funika, moto mdogo kabisa kwa dakika 15. Maji yakiisha, ongeza kijiko kimoja cha mafuta na uzigeuzegeuze dakika 10 nyingine hadi maganda yapate madoa ya kahawia. Mpangilio ni ule ule, mvuke halafu rangi. Utamu hautafikia wa ovenini, lakini ulaini utaupata.

Kwenye makaa, funga foili tabaka tatu na uweke pembeni mwa makaa, si juu yake. Geuza kila dakika 10, uanze kupima baada ya dakika 35.

Kikaangio cha hewa hufanya kazi kwa nyuzi 180, dakika 25 hadi 30, mradi kifurushi kimebanwa sana. Feni yake ina nguvu na itafunua foili iliyolegea. Maikrowevu hulainisha tu, na rangi haiji.

## Kuhifadhi: hapa usifanye kwa mazoea

Wapo wanaotia punje zilizookwa kwenye chupa, wakazifunika kwa mafuta na kuziacha kabatini kwa wiki kadhaa. Chupa hupendeza. Tafadhali usifanye hivyo.

Kitunguu saumu huota ardhini, na kwenye udongo huishi bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu zake zinavumilia maji yanayochemka. Kumbuka nilivyosema kwamba ndani ya punje joto halipiti sana nyuzi 100: maji yaleyale yanayookoa punje isiungue huziokoa mbegu hizo pia zisife. Kuziua kunahitaji nyuzi 121 zenye mgandamizo, na oveni ya nyumbani haifanyi hivyo ndani ya kitu chenye unyevu. Mafuta nayo hufukuza hewa. Pasipo hewa, pasipo asidi na pasipo baridi, mbegu huamka na kutengeneza sumu inayolemaza misuli.

Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa njia hii baada ya kula chakula chenye kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta bila baridi. Sumu yenyewe haibadilishi rangi, harufu wala ladha, kwa hiyo kunusa hakukulindi. Mtu akianza kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito au kushindwa kumeza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo:

- Kikishapoa, kiingie friji ndani ya saa mbili, kwenye chombo kilichofunikwa, nyuzi 4 au chini yake.
- Kikiwa na mafuta, kitumike ndani ya siku 4. Kisicho na mafuta nakipa siku hizo hizo.
- Kilicholala mezani usiku kucha, chenye mafuta, tupa. Usikirudishe motoni ukidhani umekiokoa.
- Kwa muda mrefu zaidi, gandisha. Ponda, pima kijiko kimoja kimoja kwenye trei ya barafu, na vikishaganda vihamishie kwenye mfuko uliobanwa. Ladha hubaki nzuri kwa miezi mitatu hivi. Andika tarehe.

## Kukitumia

Kitunguu saumu kilichookwa ni mpole, hivyo mahali ambapo ungeweka punje mbili mbichi weka kichwa kizima. Kipake kwenye mkate, kichanganye na viazi vya kuponda, kisage na siagi laini, au kikoroge kwenye supu.

Kwenye chakula kinachochemka kitie mwishoni, dakika chache kabla ya kuepua, kwa kuwa harufu yake tamu hupotea sufuria ikiendelea kutokota. Kilichogandishwa usikiyeyushe kwanza. Kidondoshe kikiwa bado barafu, ukoroge hadi kiyeyuke.